Kukubali au kukataa: ndugu yako mahututi anapoombwa kuingia kwenye utafiti

Ilikuwa yapata saa tano za usiku. Katika korido ya wodi ya watoto ya hospitali moja ya mkoa wetu wa Tanga, mama mmoja aliyekuja na mwanawe kutoka Mikanjuni alikuwa amekaa kwenye benchi, mkononi ana karatasi nne zilizobanwa pini, na kalamu aliyopewa haijafunguliwa kifuniko. Mtoto alikuwa ndani, homa imepanda, anapumua kwa shida, amewekewa mpira wa oksijeni puani. Nilipopita aliniita, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, hii karatasi nikiikataa, mwanangu watamtoa oksijeni?"

Jibu lilikuwa hapana, na nilimpa palepale. Oksijeni, dripu, damu ya kuongezwa na dawa zilizomo katika mwongozo wa matibabu ni haki ya mgonjwa, wala hazitolewi kama malipo ya kukubali utafiti. Lakini swali lake lilinionyesha kwamba katika kurasa zote nne hakuwa amelikuta jambo alilolihitaji kuliko yote, yaani kuona njia mbili zilizo mbele yake zikiwa zimewekwa sambamba, kila moja na kilicho chake. Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya zamu zangu nikiwa na wagonjwa mahututi, na kwa kuwa swali kama lile limeulizwa mbele yangu mara nyingi kwa maneno tofauti, nimeona niandike ulinganisho ambao ningependa ndugu wa mgonjwa ausome kabla ya usiku wa namna ile kumfika.

Kwanza, ni utafiti wa aina gani

Kukubali au kukataa hakuna uzito uleule kila mara, kwa sababu tafiti za wagonjwa mahututi hazifanani. Ziko za kuangalia tu, ambamo mgonjwa hapewi kitu chochote cha ziada na wala matibabu yake hayabadilishwi. Watafiti hupima mapigo ya moyo, pumzi, presha na kiwango cha oksijeni, kisha huangalia kwenye faili amepewa nini na mwisho wake ulikuwa upi. Utafiti mmoja mkubwa wa namna hiyo, uliochapishwa mwaka 2025, uliwapima wagonjwa 19,872 waliolazwa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Ulikuta kwamba mgonjwa mmoja kati ya kila wanane alikuwa mahututi, kwamba karibu 7 kati ya kila 10 wa mahututi hao walikuwa wamelala katika wodi za kawaida wala si katika ICU, yaani chumba cha uangalizi maalumu, na kwamba mmoja kati ya kila watano wao alifariki ndani ya siku 7. Takwimu hizo zimetuambia jambo ambalo sisi wauguzi wa wodini tulikuwa tukiliona kwa macho bila ya kuwa na ushahidi wa kulisimamia mbele ya wakubwa: mgonjwa mahututi wa Afrika, mara nyingi, yuko kwenye kitanda cha kawaida, na anachokikosa ni vitu vya msingi kama oksijeni na kulazwa kiubavu ili njia ya hewa isizibe. Kwa tafiti za aina hii sisiti kutoa maoni yangu. Mgonjwa hapotezi kitu, isipokuwa kwamba maelezo yake yatasomwa na watu wengine, kwa hiyo cha kuuliza ni kama jina lake litaondolewa. Likiondolewa, kubali.

Aina ya pili ni tafiti zinazolinganisha matibabu mawili ambayo yote tayari yanatumika, na madaktari wenyewe wamegawanyika kuhusu lipi ni bora. Aina ya tatu ni za dawa au njia mpya, au dawa ya zamani inayojaribiwa kwa ugonjwa mwingine. Katika aina hizi mbili, kwa kawaida mgonjwa hupangiwa kundi kwa bahati nasibu, kwa kompyuta au kwa bahasha iliyofungwa. Daktari hachagui, ndugu hachagui, wala hakuna anayeweza kumhamishia mtu kundi la pili kwa sababu anamfahamu. Wengi hukasirika wakisikia hivyo, na ninawaelewa, kwa kuwa mtu aliyemleta mgonjwa wake hospitalini alitarajia daktari atumie akili yake. Lakini madaktari wakichagua wenyewe, huwa wanawapa tiba wanayoipenda wale wanaowaona bado wana nguvu, halafu tiba hiyo inaonekana nzuri kumbe ni wagonjwa waliokuwa na nafuu tangu mwanzo.

Yaliyotokea Muheza

Aina ya pili ndiyo inayowatatiza watu zaidi, na mfano wake mkubwa uko karibu nasi. Ukitoka Tanga mjini, ukapita mabeseni ya machungwa kandokando ya barabara, unafika Muheza, ambako iko Hospitali Teule. Hospitali hiyo ilikuwa mojawapo ya hospitali sita za Afrika Mashariki zilizoshiriki utafiti uitwao FEAST. Nyingine zilikuwa Kilifi nchini Kenya na nne za Uganda. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011 na yakawashangaza madaktari wa dunia nzima.

Swali lilikuwa hili. Mtoto ameletwa na homa kali, hana nguvu za kukaa, au amepoteza fahamu, au anapumua kwa shida, na mikono na miguu yake imekuwa ya baridi kwa sababu damu haizunguki vizuri. Je, aongezewe maji mengi ya dripu kwa haraka, au apewe polepole kiasi cha kawaida cha siku? Vitabu vya nchi tajiri vilisema apewe kwa haraka, na hoja ilionekana haina shaka: mzunguko wa damu umelegea, basi ujaze mishipa. Katika utafiti ule, watoto 1,050 walipewa kwa haraka maji ya albumini, yaani yenye protini ya damu, 1,047 wakapewa kwa haraka maji ya chumvi, na 1,044 hawakupewa dripu ya haraka bali ile ya polepole tu. Kiasi cha haraka kilikuwa mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya mtoto, maana yake mtoto wa kilo 10 huingiziwa kwenye mshipa kiasi kinachoweza kufikia na hata kuzidi chupa ya soda ya mililita 350 kwa muda mfupi.

Baada ya saa 48, katika makundi mawili ya dripu ya haraka walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na asilimia 10.5 ya watoto. Katika kundi la dripu ya polepole walikuwa wamefariki asilimia 7.3. Maana yake, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikufa watatu zaidi. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama iliona tofauti hiyo Januari 2011, na utafiti ukasimamishwa kabla ya kufikia watoto 3,600 waliokuwa wamekusudiwa. Ni lazima niseme hapa, kwa sababu nimeshakutana na wazazi waliolichanganya jambo hili, kwamba watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara bado anahitaji kurudishiwa maji, na mtu asimzuilie dripu kwa kutaja Muheza. Kwa watu wazima, utafiti uliofanyika Lusaka, Zambia, na kuchapishwa mwaka 2017 ulielekea upande huohuo: wagonjwa wenye maambukizi makali na presha ya chini waliopewa maji mengi kwa utaratibu maalumu walifariki asilimia 48.1, na waliotibiwa kwa kawaida ya hospitali walifariki asilimia 33.0.

Sasa mweke mzazi wa Muheza mbele ya matokeo hayo. Aliyekubali utafiti, mtoto wake alikuwa na nafasi mbili kati ya tatu za kuangukia kwenye makundi ambayo baadaye yalionekana kuwa na hatari zaidi. Siwezi kulificha hilo, na anayekushawishi ukubali utafiti bila ya kulitaja hakutendei haki.

Lakini katika miaka ileile ya karibu, hospitali hiyohiyo ya Muheza, pamoja na ya Magunga kule Korogwe, ilikuwa ndani ya utafiti mwingine, AQUAMAT, uliolinganisha sindano ya artesunate na kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Walioshiriki walikuwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika. Kwinini ilikuwa ndiyo dawa yetu ya miaka mingi. Kila aliyefanya kazi wodini enzi hizo anaikumbuka dripu yake ya kuingizwa kwa muda wa saa nne, na hofu ya sukari ya mtoto kushuka usiku wakati umeme umekatika na kipimo hakionekani vizuri. Waliopewa artesunate walifariki asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Katika utafiti huo, mzazi aliyekataa alikuwa na hakika ya kupata kwinini, na aliyekubali alikuwa na nafasi moja kati ya mbili za kupata dawa iliyookoa watoto zaidi.

Ninaziweka tafiti hizi mbili pamoja kwa makusudi. Mkoa mmoja, hospitali moja, watoto wa vijiji vilevile. Katika utafiti mmoja dripu ya kawaida ya polepole ndiyo iliyokuwa salama zaidi, katika mwingine dawa ya kawaida ndiyo iliyokuwa dhaifu. Hakuna mzazi, daktari wala profesa aliyeweza kujua mapema, na kama wangejua, utafiti usingeruhusiwa kufanyika. Kwa hiyo ndugu anayekaa kwenye benchi akijaribu kubahatisha kundi gani ni zuri anajichosha bure. Achague kwa kutazama yale ambayo yanaweza kujulikana usiku uleule: kila mgonjwa aliye ndani ya utafiti atapata nini, nani anamwangalia, akidhurika nani atawajibika, na mlango wa kutokea uko wapi.

Njia mbili zikiwekwa sambamba

Tuanze na uangalizi, kwa sababu kwa mgonjwa mahututi hilo ndilo naona lina uzito kuliko yote. Ukikataa, mgonjwa wako atahudumiwa kwa kadiri ya uwezo wa wodi. Usiku mmoja wodi ina wauguzi wawili na wagonjwa 30, na kupimwa kwake kunategemea kama mgonjwa wa kitanda cha pili amezidiwa au la. Ukikubali, kwa kawaida utaratibu wa utafiti unalazimisha apimwe kwa saa zilizopangwa, na vipimo viandikwe. Katika FEAST hospitali zilipewa mafunzo ya kupanga wagonjwa kwa dharura na vifaa vya msingi vya kuwafuatilia, na faida hiyo iliwafikia watoto wa makundi yote matatu. Hata hivyo usiifanye kuwa kanuni. Zimekwisha fanywa tathmini zilizolinganisha wagonjwa waliokuwa ndani ya tafiti na wengine kama wao waliopata matibabu yanayofanana nje ya tafiti, na hali zao hazikutofautiana sana. Faida ya uangalizi ni kubwa pale ambapo wodi yenyewe ni dhaifu. Kwenye ICU yenye muuguzi mmoja kwa kila kitanda, tofauti hiyo huwa ndogo.

Kuhusu gharama, aliyekubali mara nyingi hulipiwa dawa ya utafiti na vipimo vya utafiti, na mengine yanabaki kama yalivyo. Soma fomu vizuri, kwa maana "vipimo vya utafiti" si vipimo vyote. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano tofauti inapungua zaidi, kwani sera ya nchi inamsamehe malipo katika hospitali za serikali. Kwa mtu mzima asiye na bima, siku chache za ICU zinaweza kuimaliza akiba ya ukoo, na hapo ndipo ninapoogopa. Nimewahi kumwona kijana akitia sahihi kwa ajili ya baba yake huku akisema wazi kwamba hakusikia maelezo, amesikia neno "bure" tu. Msamaha wa malipo usiwe sababu pekee. Kama shida ni pesa, nenda kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kisha urudi kwenye fomu ukiwa na akili iliyotulia.

Damu ni jambo linalozungumzwa kwa minong'ono, na katika pwani yetu minong'ono hiyo ina jina la zamani, mumiani. Sitaki kumcheka mtu yeyote anayeliogopa, kwa kuwa hofu hiyo hukua pale ambapo watu wanatolewa damu bila ya kuambiwa sababu. Anayekataa utafiti atatolewa damu ya vipimo vya matibabu peke yake. Anayekubali atatolewa hiyo na ya ziada, na kiasi cha ziada lazima kiandikwe. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mwombe muuguzi akuonyeshe kichupa chenyewe, akuambie vitakuwa vingapi na kwa siku ngapi, hasa kama mgonjwa ni mtoto mdogo au ana upungufu wa damu. Uliza pia kama damu itahifadhiwa kwa ajili ya tafiti za baadaye, au kupelekwa nje ya nchi. Hilo huwa na kisanduku chake peke yake kwenye fomu, na unaweza kulikataa huku ukikubali mengine.

Upande wa muda na usumbufu nitapita haraka: anayekubali huenda akaombwa arudi kliniki baada ya siku 28 au miezi kadhaa, au apigiwe simu. Kama mnakaa Pangani au Lushoto, uliza nani analipa nauli.

Dawa mpya, na dawa ya zamani mahali papya

Katika aina ya tatu mizani inabadilika, na hapa mimi mwenyewe huwa mzito zaidi. Mwaka 2001 dawa iliyoitwa Xigris iliruhusiwa Marekani kwa ajili ya wagonjwa wenye maambukizi makali ya damu, baada ya utafiti wa watu 1,690 kuonyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 30.8 hadi 24.7. Iliuzwa kwa bei kubwa kwa miaka kumi. Utafiti mwingine ulipofanywa, faida haikuonekana, na mwaka 2011 mtengenezaji akaiondoa sokoni. Kwa miaka hiyo yote, ndugu aliyeambiwa kwamba mgonjwa wake anapewa dawa ya kisasa kabisa aliona amebahatika.

Dawa za jamii ya steroidi zinatufundisha jambo lingine. Kwa miongo kadhaa madaktari wengi waliwapa watu walioumia kichwa, kwa kuamini kwamba zinapunguza uvimbe wa ubongo. Utafiti uitwao CRASH, uliochapishwa mwaka 2004 ukiwa na wagonjwa 10,008, ulikuta kwamba ndani ya wiki mbili waliopewa steroidi walifariki asilimia 21.1 na wasiopewa asilimia 17.9. Mwaka 2020, utafiti wa Uingereza uitwao RECOVERY ukaijaribu deksamethasoni, dawa ya bei nafuu ambayo iko kwenye rafu za maduka yetu ya dawa, kwa wagonjwa wa UVIKO-19. Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia na wakaipata walifariki asilimia 29.3, na wasioipata asilimia 41.4. Waliokuwa hawahitaji oksijeni kabisa hawakupata faida yoyote. Jamii moja ya dawa ilidhuru kwa ugonjwa mmoja, ikaokoa kwa mwingine, na ndani ya ugonjwa huohuo ikafaa kwa aliyezidiwa na isimfae aliye na nafuu.

Kwa sababu hiyo, mtu akikuambia kwamba dawa ni mpya, au ni ya zamani na inajulikana, bado hajakuambia kama itamfaa mgonjwa wako. Muulize imeshatumika kwa wagonjwa wangapi wenye hali kama hii, na si kwa watu wazima wenye afya tu. Uliza kama atakayekosa dawa hiyo atapewa matibabu mengine yote sawasawa na mwenzake. Kama mtafiti atajibu kwa ufasaha na bila ya haraka, na mgonjwa wako hana tiba nyingine iliyothibitishwa, kukubali ni uamuzi wa busara. Kama ipo tiba iliyothibitishwa na utafiti unataka aiache, mimi ningekataa, na ningekataa bila ya kuomba radhi.

Sahihi inayotakiwa haraka

Ugumu wa tafiti za mahututi ni kwamba mwenye mwili hawezi kusema. Anayeamua ni mzazi, mume au mke, kaka, shangazi, na kwetu uamuzi wa namna hii hauwi wa mtu mmoja. Simu lazima ipigwe kwa baba mkubwa, mjomba asubiriwe. Mtafiti mwenye adabu hulifahamu hilo na huacha muda. Lakini wakati mwingine muda haupo, kwani dripu haiwezi kungoja basi la kutoka Handeni. Katika FEAST kamati za maadili ziliruhusu hatua mbili pale ambapo hali ilikuwa ya dharura: mzazi huelezwa kwa kifupi na kukubali kwa mdomo, mtoto huanza kutibiwa, kisha hali ikitulia anaelezwa yote na kuombwa ridhaa kamili. Wapo wanaoiona njia hiyo kuwa ni ya kuwaingiza watu kwa mlango wa nyuma. Mimi naiona kuwa na heshima zaidi kuliko kumsomea mama kurasa nne wakati mwanawe anageuza macho, mradi hatua ya pili ifanyike kweli, na mzazi aambiwe bayana kwamba bado anaweza kusema hapana.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeona kinyume chake. Katika hospitali ambayo sitaitaja, mke wa mgonjwa aliyekuwa akivuta pumzi za mwisho aliwekewa fomu mapajani, akaonyeshwa mstari, akaambiwa "weka sahihi hapa, mama, tuwahi." Haikuchukua dakika mbili. Baada ya mazishi alinifuata kuuliza alikuwa ametia sahihi ya kitu gani. Nilikuwapo siku ile na sikusema neno, na jambo hilo bado linaniuma. Ukihimizwa namna ile, kataa hapohapo. Utafiti mzuri haujengwi juu ya sahihi ya mtu aliyechanganyikiwa, na mgonjwa wako hatapungukiwa na matibabu yanayostahili.

Kabla ya kukubali, angalia ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa fomu. Kwa utafiti wa afya katika Tanzania Bara lazima kuwe na kibali cha maadili kinachoratibiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kama ni jaribio la dawa, kibali cha mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, vilevile. Namba ya kibali iwepo, na iwepo simu ya mtu wa kamati ya maadili ambaye si mtafiti mwenyewe. Fomu iwe kwa Kiswahili. Iseme mgonjwa akidhurika kwa sababu ya utafiti nani atagharimia matibabu yake. Iseme pia kwamba mnaweza kujitoa siku yoyote bila ya kutoa sababu. Kujitoa hakuna utaratibu mgumu: mwambie muuguzi wa zamu, hakikisha ameandika kwenye faili pamoja na saa, na uulize kama maelezo yaliyokwisha kukusanywa yatatumika au yatafutwa.

Yule mama wa Mikanjuni hakuamua usiku ule peke yake. Alimpigia kaka yake aliyeko Pangani, akaweka simu kwenye spika, na kaka akauliza swali moja tu: dawa hiyo ikimdhuru mpwa wangu, nani atamtibu? Mtafiti, kijana mtaratibu, akafungua ukurasa wa tatu, akamsomea aya nzima kwenye simu, kisha akairudia. Ulikuwa utafiti wa kulinganisha dawa mbili ambazo zote tulikuwa tukizitumia wodini. Mama alikubali. Kwenye kisanduku kilichouliza kama damu inaweza kuhifadhiwa kwa tafiti za baadaye aliweka alama kwenye "Hapana", akatia sahihi, akaomba nakala yake. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akarudi ndani kwa mwanawe, ambaye mpira wa oksijeni ulikuwa ungali puani kama alivyouacha.